Bahari Sebuleni kwa Wakio

Tangi la samaki lilipofika Mwakingali, mtaa wa mji wa Voi, mlango wa nyumba ya Wakio ulikataa kulipitisha. Lilikuwa la vioo vinene, refu kama kitanda cha mtoto, na wanaume sita walilishikilia uani wakitokwa jasho, kila mmoja na ushauri wake. Mwishowe Griffin, mume wa Wakio, akamwita fundi wa kuchomelea akate vyuma vya dirisha la sebuleni. Tangi likaingizwa kwa dirisha. Jioni vyuma vikachomelewa tena mahali pake, na majirani wakaenda zao wakicheka.

Griffin alikuwa nyumbani kwa likizo ya miezi miwili na nusu. Huu ulikuwa mwaka wake wa nne Doha, katika hoteli yenye akwariamu kubwa mapokezini, na yeye alikuwa mmoja wa wanaoitunza. Mtu wa Ronge, aliyekulia kwenye migomba na mahindi, sasa alizungumza habari za bahari kama aliyezaliwa juu ya mwamba.

"Nataka uone ninachokiona kila siku," alimwambia Wakio. "Ukinikosa, unaangalia hapo."

Wakio alifurahi. Wanaume wengine walirudi na televisheni.

Kwa kweli siku zile za kuliandaa tangi zilikuwa tamu. Abigael, binti yao wa pekee, alikuwa shule ya bweni Wundanyi, kwa hiyo nyumba ilikuwa yao wawili. Griffin alikuwa mwalimu mvumilivu. Alimwonyesha kwamba maji ya mfereji, yale yanayoacha ukoko mweupe ndani ya sufuria, hayafai hata kidogo, ni lazima yapitishwe kwenye chujio. Kisha wakakoroga chumvi maalum ndani ya pipa la buluu, na Wakio akajifunza kutia tone moja juu ya kipimo cha chumvi na kukielekeza dirishani, jicho moja limefungwa, mpaka mstari usimame kwenye thelathini na tano. Wakatandaza mchanga mweupe. Wakapanga mawe yaliyoletwa kutoka Pwani, Griffin akiyageuza na kuyarudia, akitaka mapango ya samaki kujificha.

Halafu wakangoja. Wiki sita tangi lilikaa na mawe na maji tu.

"Kwani samaki wenu hawaonekani kwa macho?" aliuliza Mumbe, jirani wa mlango wa pili, mama Mkamba mwenye sauti ya kuchekesha.

Griffin alimweleza kwamba maji mapya yana sumu, na kwamba kuna vijidudu kwenye mawe vinavyohitaji muda wa kuongezeka ili viile sumu hiyo. Kila baada ya siku mbili Wakio aliteka maji kidogo kwenye kichupa, akatia matone ya dawa. Yakigeuka kijani, sumu bado ipo. Asubuhi yalipobaki manjano, alimkimbilia Griffin bafuni akiwa ameinua kichupa kile, na walicheka wote wawili, mume na povu la sabuni masikioni.

Viumbe vikaja kwa zamu. Konokono kwanza, na kaa wadogo wanaotembea na kombe za wenzao. Baada ya wiki, samaki wawili wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe, ndani ya mfuko wa nailoni uliojazwa hewa. Wakio ndiye aliyeuweka mfuko uelee juu ya maji ili joto lilingane, ndiye aliyewadondoshea maji ya tangi tone kwa tone kupitia kamrija, saa nzima, magoti yakimuuma. Yakafuata matumbawe laini, yanayofunguka kama vidole yakiona taa. Wa mwisho alikuwa samaki wa buluu aitwaye kangaja, bapa kama sahani, aliyezunguka tangi lote mara moja kisha akaingia pangoni kana kwamba alipajua.

Siku mbili kabla ya safari yake, Griffin alipanda juu ya kiti na kufunga kamera kwenye kona ya dari.

"Ya nini?" aliuliza Wakio.

"Ya samaki. Kukitokea shida nikiwa kule nitakwambia la kufanya."

Lilikuwa wazo la akili, hilo hakuna wa kulikataa. Kamera ilikuwa na spika pia.

Mwezi wa kwanza baada ya kuondoka, sauti ya Griffin ilitoka kwenye kona ile kuulizia joto la maji. Jua la Voi hunywa maji na kuacha chumvi, kwa hiyo kila asubuhi, na tena alasiri, ni lazima mtu aongeze maji yaliyochujwa, la sivyo chumvi inapanda na matumbawe yanajikunja. Wakio wakati huo alikuwa na kibanda cha cherehani karibu na soko. Alikuwa akifunga kibanda saa nane, akipanda bodaboda nyumbani, akiongeza maji, akirudi. Wateja wakachoka kukuta kufuli. Griffin akasema, kwa upole kabisa, "Si uilete cherehani nyumbani? Utashona ukiwaangalia."

Akaileta. Mahali pekee palipoitosha palikuwa chini ya ile kona.

Hapo ndipo maswali yalipobadilika, polepole, hata asingeweza kusema ni siku gani. Mbona taa imechelewa? Ulikuwa wapi saa kumi? Huyo aliyepita nyuma yako ni nani? Alikuwa ni Kaloki, mume wa Mumbe, aliyekuja kurudisha ngazi. Griffin hakupaza sauti wala kumtukana. Aliuliza tu, na Wakio alijibu, na baada ya kujibu alijikuta anajiuliza amekosa nini. Mazoezi ya kwaya aliyaacha kwa sababu yaliangukia saa ya kuwalisha samaki. Mumbe akija, waliketi jikoni kwenye mitungi ya maji na kunong'ona kama wanafunzi.

"Mama Abi, hii ni nyumba yako," Mumbe alimwambia siku moja.

"Najua."

"Basi ongea kwa sauti."

Wakio alicheka, ila kwa sauti ya chini.

Mwezi wa tisa baba yake, mzee Zephaniah, alianguka akifukuza nyani shambani kwake Makwasinyi. Mguu ukavunjika. Walimleta hospitali Voi, akafungwa plasta, na Wakio alikaa naye kwenye benchi saa moja tu, jicho kwenye saa ya ukutani. Mzee aliliona lile jicho. "Nenda, mwanangu, una kazi," alimwambia, na Wakio akaona haya, kwa kuwa kazi yenyewe ilikuwa kuongeza maji kwenye kioo.

Kisha kaka yake, Onesmus, akapiga simu. Yeye ni askari wa wanyama kwenye ranchi na zamu yake ilikuwa imefika. "Njoo wiki moja tu ukae na mzee. Hawezi kwenda choo peke yake."

Alipoambiwa, Griffin alijibu kwamba aende Jumamosi na kurudi jioni. Alijua wazi kwamba gari la Makwasinyi huondoka Voi mchana na kurudi alfajiri, na kwamba anayekwenda hulala. Wakio alieleza hilo mara ya kwanza, na mara ya pili. Mara ya tatu alisimama katikati ya sebule na mkoba begani, akainua uso kwenye kona ya dari.

"Nakwenda kwa baba. Wiki moja. Mumbe ataongeza maji, nimemfundisha."

"Wakio, hatujazungumza," kona ilisema.

"Tumezungumza."

Akatoka. Akapanda gari la mchana.

Makwasinyi alimwogesha baba yake, akampikia, akamsaidia kutembea hadi uani akiwa amemshika kiunoni. Mwili wa mzee ulikuwa mwepesi kuliko alivyokumbuka. Siku tatu hakuna aliyemuuliza alikuwa wapi. Lakini kila alasiri mkono wake ulitafuta jagi la kuongezea maji, ambalo halikuwepo.

Siku ya nne Mumbe alipiga simu. Stima ilikuwa imepotea Mwakingali tangu saa mbili asubuhi. Pampu ya betri ilikuwa imezimika adhuhuri. "Nateka maji na jagi, namwaga kutoka juu yapate hewa, kama ulivyosema. Kaloki akichoka naingia mimi. Lakini huyu wa buluu amelala ubavu, Mama Abi."

Stima ilirudi jioni. Kangaja alikuwa amekufa. Wale wawili wa machungwa walipona, na matumbawe mengi.

Griffin alipiga dakika chache baadaye, mara hii kwa simu, si kupitia kamera. Wakio alipanda kwenye jiwe nyuma ya jikoni, mahali mtandao unaposhika.

"Amekufa," Griffin alisema.

"Nimesikia."

"Ungekuwa nyumbani..."

"Griffin, baba yangu amevunjika mguu. Hujaniuliza hali yake hata mara moja. Unaniuliza joto la maji."

Kisha akamsikia mumewe akilia. Wakio alikuwa hajamsikia akilia hata siku waliyomzika mama yake.

Yakatoka yote. Kwamba wanalala wanane chumba kimoja. Kwamba pasipoti yake imefungiwa kabatini kwa msimamizi na akiiomba huambiwa kesho. Kwamba saa ya kupumzika hujifunika shuka kichwani na kufungua simu, na ile sebule ndiyo mahali pekee duniani ambapo kuna kitu chake. "Nikikukosa pale naona kama sina kwangu," alisema. "Mzee anaendeleaje?"

"Anatembea kidogo," alijibu Wakio, naye akaketi juu ya jiwe.

Angependa kubaki na hasira yake. Ilikuwa nyepesi kubeba kuliko hiki alichopewa sasa.

Aliporudi Voi aliweka masharti, na Griffin akayakubali yote, upesi mno. Kamera itawaka saa moja jioni hadi saa mbili, basi. Cherehani itarudi sokoni. Mumbe ataongeza maji ya alasiri. Hakuna kangaja mwingine.

Masharti yameshikwa, kwa sehemu kubwa. Jioni Griffin huuliza habari za mzee kwanza, kisha za samaki, na Wakio husikia jinsi anavyojilazimisha kufuata mpangilio huo. Kamera ikiwa imezimwa, bado hapiti chini ya ile kona akiwa amejifunga kanga moja tu. Mwezi uliopita aliota anaiuza ile bahari yote kwa mtu wa hoteli, maji na mawe, na ndoto hiyo hajamsimulia Griffin. Mkataba wa Doha umeongezwa miaka miwili. Wakio hakuulizwa, na Griffin anasema hata yeye hakuulizwa.

Jana asubuhi, akiongeza maji, aliona chipukizi jeupe limejitokeza pembeni mwa jiwe, mbali na tumbawe mama, saizi ya punje ya mchele. Lilikuwa limefungua vidole vyake. Kitu kipya kilikuwa kimeota humo, kitakachotaka taa, na chumvi ya thelathini na tano, na mtu wa kuwepo. Wakio alilitazama kwa muda mrefu, jagi mkononi. Lilikuwa zuri. Akamwaga maji polepole, mbali nalo, lisije likang'oka.