Mstari Mmoja Nilioufuta Mwanza

Niliondoka Dodoma kwa sababu ya ukuta. Kwa miaka miwili, katika chumba changu cha kupanga, nilikuwa naandika programu ya kompyuta inayopokea picha za kamera na kumchora ukutani, kwa nuru, kila mtu aliyesimama mbele yake. Ukiinua mkono, nuru yako inainua mkono, na mawimbi yanaenea kutoka vidoleni kama maji yaliyotupiwa jiwe. Kazi ya ofisini niliiacha kwa ajili hiyo. Sasa ukumbi mmoja wa sanaa huko Mirongo, katikati ya jiji la Mwanza, ulikuwa umeniita niionyeshe kwa siku tatu. Watu wakiipenda, ingebaki pale mwaka mzima. Nami niliapa kimoyomoyo kwamba wasipoipenda, narudi ofisini na programu hii siigusi tena.

Saa kumi na mbili asubuhi basi likaondoka. Projekta niliipakata kama mtoto mchanga, maana wapakia mizigo sikuwaamini. Tulipofika Singida mama niliyekaa naye alinikaribisha mahindi ya kuchoma. Nikakataa kwa adabu, kisha nikavaa hedifoni ambazo hazikuwa na muziki wowote. Huo ni ujanja wangu wa siku nyingi, na hufanya kazi vizuri mno. Aliposhuka Nzega alinitakia safari njema hata hivyo. Kiti chake kilibaki kitupu mpaka mwisho wa safari, nikajisikia mpweke, na wa kumlaumu hakuwepo ila mimi.

Buhongwa, mlangoni mwa jiji la Mwanza, nilishuka jioni, jua likiwa bado lipo. Mwenyeji wangu alikuwa Mama Koku, mwalimu mstaafu kutoka Kagera, mjane aliyezoea kuwapokea wageni wa ule ukumbi. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba huku ameshaninyang'anya begi. Chakula kilikuwa ndizi na sato, na kisahani cha senene, wale panzi wa kukaanga wa kwao, pembeni. Redio yake iliongea tangu nilipoingia mpaka tulipokwenda kulala. Alisema nyumba ikinyamaza sana inamchosha. Aliniuliza Dodoma ninaishi na nani. Nikajibu kwamba ninaishi na kazi yangu. Akaniongezea samaki.

Siku ya kwanza Mirongo nilifunga kamera, nikatandaza kitambaa cheupe ukutani, nikakaa nyuma kabisa na kompyuta yangu. Watu walikuja. Kila mmoja alisimama, akapunga mkono, akaona nuru yake ikipunga, akatabasamu, akaenda zake. Hakuna aliyefika dakika mbili. Saa nyingine ukumbi mzima ulikuwa na mimi na mabenchi tu. Bwana Masanja, msimamizi, Msukuma mrefu mpole ambaye ndiye angeamua kazi ibaki au iondoke, alikuja kusimama karibu nami.

"Ni kitu kizuri," alisema. "Ila naona watu wanakiaga kabla hawajakisalimia."

Jioni ile nilishuka ziwani. Gugumaji lilikuwa limejikusanya kwenye mawe, na wanawake wawili walikuwa wakisuuza mabeseni na kuchekeshana kwa Kisukuma. Nilisimama hatua chache kutoka kwao nikitafuta neno la kuanzia. Nilikuwa nimeshaanza kuitunga barua ya kuomba kazi yangu ya zamani. Neno lilipokuja walikuwa wamekwisha kujitwika mabeseni na kuondoka.

Siku ya pili, kama saa tano asubuhi, Mama Koku alikuja kuona kitu kilichonileta. Alikuwa amesimama mbele ya kitambaa, nuru yake imetulia, alipoingia Bibi Kemi, mzee wa kanisani kwao anayeishi Nyakato, akitembelea fimbo. Mama Koku hakufikiri mara mbili. Alimfuata, akapiga magoti kama wanawake wa kwao wanavyowaamkia wakubwa, akainamisha kichwa na kuupokea mkono wa bibi kwa mikono yake miwili. Ukutani nuru yake ikazimika. Ya bibi ikabaki peke yake, mkono umenyooshwa, haukushika kitu.

Bibi Kemi aliutazama ukuta.

"Koku ameenda wapi," aliuliza, "na mkono wake ninao?"

Hapo nikajua kosa lilipo. Chumbani kwangu kuna kiti cha pili. Nilipoanza kazi hii, kamera ilikiona ikadhani ni mtu, ikanichorea ukutani nuru ya pili, imekaa kimya ubavuni mwangu. Ilinikera, na kusema kweli iliniumiza. Nikaandika mstari mmoja kwenye programu: chochote kisichozidi kimo cha mgongo wa kiti, kifutwe. Baada ya hapo niliijaribu kazi kwa miaka miwili, mimi mwenyewe, nimesimama. Hakuna aliyewahi kuingia chumbani kwangu kunisalimia, sembuse kupiga magoti. Ningejuaje?

Nilimwamkia bibi, nikaomba radhi, nikamweleza Bwana Masanja kwamba naweza kuufuta mstari ule lakini mabenchi nayo yatawaka ukutani.

"Mabenchi yana kosa gani?" akasema.

Nikaufuta. Mama Koku, aliyekuwa bado chini, akatokea ukutani mkono wake ukiwa mkononi mwa bibi. Bibi akataka aamkiwe upya, tangu mwanzo. Wakarudia salamu zote kwa Kihaya, polepole, macho yao yakiwa ukutani. Kisha wakakaa kwenye benchi lililowaka. Waliokuwa mlangoni wakaingia kukaa nao, wakaanza kuamkiana wao kwa wao ili tu waone, na hata wenye haraka zao walikaa. Mchana ule nilikosa kiti mwenyewe.

Siku ya tatu Bwana Masanja aliniambia kazi inabaki. Nilifurahi mpaka machozi yakanilenga. Lakini nilipowaona watu wamejaa mbele ya ukuta ule nikajua pia kwamba wao wanabaki, na mimi naondoka.

Asubuhi ya kurudi, Mama Koku alinisindikiza hadi kituoni na kunifungia senene kwenye karatasi.

"Ukuta wako tutausalimia sisi," alisema. "Na wewe huko, nani anakusalimia?"

Nilimwambia nitapiga simu. Njiani kijana mmoja alinikaribisha karanga, nikapokea. Tuliongea mpaka Singida.

Dodoma nilikuta chumba kama nilivyokiacha. Niliwasha nakala ya programu kwenye vifaa vyangu vya zamani kabla hata sijafungua begi. Ukutani zikatokea nuru mbili, yangu na ya kiti. Vidole vyangu vilikuwa tayari juu ya kompyuta, kuurudisha ule mstari. Nikavitoa. Nilichukua senene wangu, nikatoka, nikagonga mlango wa jirani, mama mtu mzima ambaye tumetenganishwa na ukuta mmoja kwa miaka miwili. Alifungua akiwa na mwiko mkononi. Nikamwamkia, nikamwambia kwangu kuna kitu nataka akione, na kiti kinamsubiri.

Aliniitikia marahaba, akafuta mikono kwenye kanga. Halafu akaniuliza ninaitwa nani.