Mwalimu Niliyeona Haya Kumuuliza

Nakumbuka siku moja, Jumamosi, nimesimama mlangoni pa banda la ng'ombe na makopo mawili ya dawa, sijui lipi ni lipi. Moja lilikuwa la kupulizia kahawa, lingine la kuua kupe. Zamani, mwanangu, dawa tulipewa na ushirika, na bwana shamba anakuja kukuelekeza kwa mdomo. Biashara ilipofunguliwa, kila mtu akawa anauza. Haya yangu nilinunua kwa kijana aliyekuwa akivusha bidhaa pale mpakani Holili, maandishi yote Kiingereza. Na mimi shule niliishia la pili. Marehemu baba alinituma tambarare kukata majani ya ng'ombe, nikaenda, darasani sikurudi tena.

Lakini nilikuwa na binti yangu Anjela, darasa la nne kwenye shule ya kulipia kule Shirimatunda. Sweta jekundu, tai, basi linamfuata barabarani. Nilikuwa nimemwondoa shule ya kijiji, na kila Jumapili baada ya misa nilimsimamisha aongee Kiingereza watu wasikie. Usinicheke, ndivyo nilivyokuwa.

Nikamwita. "Anjela, kopo la kupe ni lipi?"

Akayasoma yote mawili kwa sauti, haraka haraka, kama mtu wa redioni. Akanyoosha kidole. "Hili, baba."

"Una hakika?"

"Ndiyo, baba."

Nikachanganya na maji, nikamwosha ng'ombe mwili mzima, naye ana mimba ya miezi saba. Beseni sijalimwaga, baba yangu mkubwa akaingia. Huyu alikuwa mwalimu mstaafu, amefundisha shule za serikali maisha yake yote. Alinusa, hata shikamoo yangu hakuitikia.

"Umempaka nini?"

Nikampa kopo. Akalisogeza mbali na macho, akasoma. "Hii ni ya kahawa. Leta maji."

Ng'ombe alishaanza kutoa mate, miguu ya nyuma inatetemeka. Tulichota maji mferejini ndoo baada ya ndoo, mke wangu, mimi na mzee yule mwenye magoti mabovu, tukamsugua kwa sabuni. Anjela alijibana ukutani. Jua lilikuwa linashuka ng'ombe alipotulia. Baba mkubwa akakaa juu ya ndoo, kopo mkononi, akamwita Anjela.

"Njoo, mjukuu wangu. Neno hili maana yake nini?"

Akalisoma tena kwa sauti.

"Na hili?"

"Sijui, babu. Mwalimu akisema, sisi tunasema. Maana hatuulizwi."

"Sasa mbona ulimwambia baba yako una hakika?"

Akanitazama mimi. "Baba anapenda nikijua."

Mwanangu, nimepigwa fimbo nyingi maishani, hakuna iliyoniuma kama neno hilo. Mzee akanigeukia.

"Huyu ng'ombe, kabla ya kumnunua ulikwenda kumwona mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Na mwalimu wa mtoto, ulimuuliza amesomea wapi?"

"Baba mkubwa, mimi wa la pili nimuulize mtu wa Kiingereza?"

"Ulimwambia nini basi?"

"Nilimwamkia. Nilimpa shikamoo."

"Ana miaka mingapi?"

"Ishirini na kitu."

Mzee hakucheka. Alisema tu, "Jumatatu nenda kaulize. Mimi siendi, mtoto ni wako."

Nikaenda. Mwenye shule akanisikiliza huku anaandika. "Mzee, wewe umesoma mpaka la ngapi?" Wazazi wawili walikuwepo pale, wakainamisha nyuso wakitabasamu.

"La pili."

"Basi mambo ya shule tuachie sisi."

Miguu ilitaka kutoka. Nikabaki nimekaa, kofia mapajani, nikasema namtaka mwalimu wa Anjela. Akaja, chaki mkononi, akamtazama tajiri wake, kisha mimi. "Sijasomea ualimu, mzee. Nilimaliza kidato cha nne, nikapata nafasi hapa." Akafukuzwa arudi darasani. Mwalimu yule, binti mdogo tu, simchukii. Asubuhi ile ni yeye peke yake aliyenijibu.

Nikamrudisha Anjela shule ya kijiji. Walimpima, wakamweka la pili, mrefu kuliko wenzake wote. Jumapili watu wakauliza sweta jekundu liko wapi, nikawaambia ukweli. Wawili walinikasirikia, maana walipeleka watoto kule kwa kunifuata mimi. Ng'ombe alizaa salama. Miaka ya mtoto haikurudi.

Kwa hiyo, mwanangu, kabla hujalipa ada, uliza mwalimu amesomea wapi, na omba kuona cheti. Kama hujui kusoma, nenda na anayejua. Fungua daftari la mtoto uone kama makosa yanasahihishwa au ni alama za vyema tu. Wakikuuliza umesoma mpaka la ngapi, watajie, halafu ubaki umekaa. Na ukifika nyumbani usimfanye mtoto pambo lako, atakuficha asichokijua mpaka kimdhuru.

Mungu akujalie mwalimu anayeijua kazi yake. Akujalie na mtoto anayeweza kukutazama usoni akakuambia, "Baba, hili sijui," nawe ukamsogezea kiti.