Lenzi Pana na Mwezi wa Shangazi

Mwaka huu Ramadhani imeingia nyumbani kwetu mara mbili. Shangazi alianza kufunga Jumatano, Baba akaanza Alhamisi, na wote wawili wanalala chini ya paa moja na kuchota maji kwenye pipa moja. Chanzo ni lenzi ya kamera, na aliyeileta lenzi ni mimi.

Ninapiga picha na kuandika habari za huku kusini: shehena za korosho bandarini Mtwara, kivuko cha Kilambo mto ukifura, na harusi za Mikindani pale habari zinapokauka. Nimepanga chumba mjini, lakini Ramadhani ikikaribia hurudi kwa Baba, kijijini karibu na mdomo wa Ruvuma. Baba ni mjumbe wa kamati ya msikiti. Shangazi, mdogo wake wa kike, alihamia kwake alipofiwa na mume, na tangu hapo nyumba ina sauti.

Mwaka huu nilirudi na mashaka ndani ya begi. Lenzi yangu ya zamani ilikuwa imeota ukungu. Pwani hii inakula vioo kama inavyokula mabati; utando mweupe wenye vijitawi ulikuwa umeingia ndani kabisa, pasipofikika kwa kitambaa. Uwezo wangu ulikuwa wa kununua moja tu. Muuzaji ninayemfahamu Dar es Salaam, anayeuza vifaa vilivyokwisha tumika, alinitumia mbili kwa basi nizijaribu, nibaki na moja, nyingine irudi.

Moja ilikuwa pana na fupi, haivuti. Tundu lake hufunguka sana, kwa hiyo hupata picha hata pale mwanga ulipobaki kidogo. Hiyo ni lenzi ya nyota na ya mandhari. Ya pili ilikuwa ndefu, ya kuvuta. Nayo humleta karibu mtu aliye ng'ambo ya mto, au kiboko ambaye huna haja ya kumsogelea. Anayesafiri angetaka zote mbili.

Sikutulia wiki ile. Asubuhi niliitaka pana, adhuhuri niliitaka ndefu. Nilisoma kwenye simu maoni ya watu wa nchi nisizozijua wakigombana kuhusu pembe za picha. Nikachukua bodaboda hadi bandarini, nikaelekeza lenzi ndefu kwa utingo aliyelala juu ya magunia ya korosho, nikaona hadi mshono wa kofia yake. Nikasema basi, nimepata. Usiku nikaiweka ile pana uani, nikaitazamisha juu, nikapata ukanda mweupe wa nyota ukivuka kutoka paa la jiko hadi kwa jirani. Nikasema basi, nimepata. Kisha nikaikuza picha, nikaona nyota za pembeni zimeota mabawa kama kumbikumbi. Nikabana tundu kidogo. Mabawa yakapungua, na picha ikaingia giza. Nikaanza upya kuwaza.

"Bosi," muuzaji akasema kwenye simu, "watu wanaoa kwa muda mfupi kuliko huu."

"Nipe siku mbili."

"Kuna mtu wa Lindi anaiulizia hiyo ndefu. Naomba jibu, usinipe hadithi."

Aliyelitoa jibu ni Shangazi, na alikuwa na sababu yake.

Mwaka jana aliuona mwezi mwandamo, wa kuingia Ramadhani, akiwa majini. Yeye na wenzake huvua kwa tandilo: wanawake wawili wawili hukokota kitambaa kwenye maji mafupi na kukusanya uduvi. Pale mdomoni mwa mto, ukitazama mto unakotoka, magharibi iko wazi, na mbingu inashuka hadi kwenye mikoko. Wanaume wa kamati hutazamia uani kwa msikiti, ambapo mikorosho imeziba mbingu yote ya chini. Alipotoka majini akampa Baba habari, Baba akaifikisha msikitini, na huko mmoja akauliza kama ni mwezi au ni moshi wa jikoni. Watu wakacheka. Mwezi ukahesabiwa kesho yake. Shangazi alifunga ile siku ya kwanza peke yake, na kwa mwaka mzima, akipita penye baraza la msikiti, kuna mtu atakohoa na kusema, "Bibi Moshi huyo."

Kwa hiyo aliponiona na lenzi mbili kibarazani, akavuta mkeka.

"Mwaka huu utakuja na mtambo wako," akasema. "Neno langu hawalitaki. Wape picha."

"Basi tuchukue hii ndefu, Shangazi. Mwezi utakuja mkubwa, na pembe zake zote mbili."

Akaishika kamera, akaielekeza uani, akawa anaizungusha. "Naona manyoya. Nini hiki?"

"Kuku."

"Kuku wa nani?"

"Siwezi kujua. Lenzi imemleta karibu mno."

"Ndiyo hivyo. Na mwezi wako utakuwa hivyo hivyo. Watasema huo wa Masasi, huo wa mwaka juzi, huo umeutoa kwenye simu. Mimi nataka waione mikoko yetu, wauone mchanga wetu, halafu juu yake mwezi. Wasipate mlango wa kutokea."

Baba alikuwa mlangoni, akijifanya anatafuta viatu. "Mwezi unatazamwa kwa macho," akasema.

"Macho yangu mliyakataa, kaka. Sasa nakuleteeni kioo."

Kazini tulifundishwa hivyo hivyo, kwamba picha isiyosema iko wapi haijasema kitu. Na moyo wangu ulikuwa umeegemea kwenye lenzi pana tangu usiku wa zile nyota. Jumanne asubuhi nikaifunga ile ndefu kwa magazeti na kitenge kikuukuu, nikaipeleka stendi mjini, nikamkabidhi kondakta. Basi lilipotoka nilijisikia mwepesi. Wepesi wenyewe haukufika hata Kilambo. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nikipiga hesabu ya ukubwa wa mwezi mchanga ndani ya picha pana, na kila nilipohesabu ulizidi kupungua.

Jioni hiyo tulishuka mtoni. Mvua ilikuwa imenyesha mchana, mto ni wa rangi ya chai ya maziwa, na mawingu yalikuwa yamelala mafungumafungu upande wa juu. Maji yalianza kutoka na ncha ya mchanga ikajitokeza. Nikasimika kamera kwenye miguu yake mitatu, miguu ikazama, nikaisimika tena juu ya ubao wa mtumbwi mbovu. Shangazi alisimama mbele yangu kidogo, kanga begani, maji kwenye magoti. Jua likaingia. Wenzake waliacha kuvua wakapanda zao, maana walikuwa na vyungu motoni.

"Usiangalie pale lilipozama," akaniambia bila kugeuka. "Angalia mkono wa kulia, juu ya mkoko mrefu."

Nilikuwa nainamia kioo cha nyuma cha kamera, nikihangaika na ukali wa picha. Alama ya mbali kabisa kwenye pete ya lenzi haikuwa ya kweli. Ukiizungusha hadi mwisho, mikoko inafifia. Nikairudisha kidogo. Nikarudisha tena.

"Ule!"

Nikabonyeza.

"Ule pale, umelala chali! Umeupata?"

Nikabonyeza tena, lakini fungu la wingu lilikuwa limeshapita mbele. Niliponyanyua kichwa, juu ya mkoko mrefu palikuwa na kijivu kitupu. Tulisubiri hadi giza. Haukurudi.

Barazani kwa msikiti wanaume walikusanyika kwenye kioo cha kamera. Imamu, mtu mpole asiyependa mabishano, alisema picha si shahidi, lakini si vibaya kuitazama. Wakaitazama kwa zamu. Mahali palitambulika papo hapo. Huu mkoko mrefu, huu ubao wa mtumbwi, hii kanga ni ya fulani, na rangi hii ya mbingu ni ya leo baada ya mvua. Hakuna aliyesema Masasi wala mwaka juzi. Milango yote ya Shangazi ilikuwa imefungwa kama alivyotaka.

Juu ya mkoko mrefu palikuwa na kitu cheupe, chembamba kuliko uzi.

"Ukingo wa wingu umeshika jua," mmoja akasema.

"Wingu gani linajikunja hivyo?" mwingine akauliza.

"Likuze," akasema imamu. Nikakuza, uzi ukawa vigae vidogo vyeupe na vya kijivu, visivyofanana na mwezi wala wingu. Wakati huo lenzi ambayo ingemaliza maneno ilikuwa ndani ya basi, njiani kwenda Dar es Salaam.

Shangazi alikuwa amesimama nje ya baraza, kanga imeloa bado. "Nimeuona kwa macho yangu," akasema. "Ulilala chali."

Hapo Baba akanigeukia. "Na wewe umeuona?"

"Nimeupiga, Baba."

"Sikuuliza umepiga nini. Umeuona?"

Nilikuwa nimetazama kioo. Nikasema hivyo. Hakuna aliyecheka, na nadhani ingekuwa afadhali wangecheka. Baadaye tangazo likatoka redioni kwamba mwezi haukuonekana, na watu wakatawanyika.

Alfajiri nilimsikia Shangazi jikoni akila daku peke yake. Baba naye alikuwa macho. Nilimwona ameketi kitandani, mlango wazi, akimsikiliza. Asubuhi hakunywa chai mbele yake. Alikwenda kuinywa kwa jirani.

Tangu hapo picha imetoka mikononi mwangu. Imamu aliniomba ile yenyewe, isiyopunguzwa, akampelekea mtu anayesemekana anajua kukokotoa mahali mwezi ulipo kwa saa na kwa mahali. Kila nikirudi kutoka mjini namuuliza, naye anasema jamaa bado hajajibu. Jina la moshi limekoma. Halijaja jina jingine mahali pake, na Shangazi akipita penye baraza hunyamaziwa.

Mwezi umekwisha pita nusu. Yeye yuko siku moja mbele yetu, na hatuzungumzi itakuwaje thelathini yake ikitimia kabla mwezi wa Idi haujaonekana kwetu. Juzi alikuja fundi cherehani wa kijiji kuchukua vipimo, vya kanzu ya Baba na vya gauni la Shangazi. Alipokunja utepe wake akauliza nguo za nyumba hii zitatakiwa siku gani. Baba akamtazama Shangazi. Shangazi akaendelea kuchambua mchele. Fundi bado anasubiri kuambiwa.