Kilima Nilikotoka Bila Wekesa

Wekesa alikufa akinivuta kiatu. Tulikuwa tumelala kwenye handaki, makombora yanashuka, na yeye alitaka niinamishe kichwa. Nilipogeuka kumuuliza anataka nini, hakuwa tena wa kuulizwa.

Nianzie Maskati. Mimi na Wekesa tulikuwa tunamwagilia maua ya hoteli kule Bustan. Ijumaa, ambayo ndiyo siku yetu ya ibada huku, tulikutana Al Khoudh kwa Ndugu Boni, kiongozi wa ushirika wetu. Huyo Boni ndiye aliyetuambia kuna kazi ya kulinda kambi ya mafuta upande wa Yemen. Mke wangu alikataa kwa simu. Lakini Boni alishatuwekea mikono vichwani akaombea safari, na sisi wa ugenini, mtu akishakuombea safari, huulizi tena anakupeleka wapi.

Salalah, mji wa kusini karibu na mpaka, tulifika asubuhi, migongo imekufa kwa basi. Wekesa akanicheka.

"Wewe hata kuku wa mamako walikushinda. Mafuta utayaweza?"

Ng'ambo ya mpaka hapakuwa na mafuta. Kapteni mmoja, Nasri, alichukua pasipoti zetu akatupa bunduki. Tukawa askari wa miguu wa upande uliotaka kujitenga. Tulichimba mahandaki, tukabeba risasi mgongoni, tukapigania kilima ambacho hata jina lake sijui. Siku mambo yalipoharibika Nasri alipanda gari akaenda. Sisi tukabaki, na hapo ndipo Wekesa alipokufa.

Nikashika njia ya malori kurudi mpakani. Dereva mmoja, Mwomani wa asili ya Unguja, alisimama. Nikaomba maji kwa Kiswahili bila kujijua.

"Nna maji, ndugu yangu. Kunywa pole pole. Kichwa hicho chapandwa muhogo, vumbi lote hilo."

Nilicheka mpaka nikalia. Alinikabidhi kwa watu wa mpakani, wakanitibu, wakanirudisha.

Sasa niko Maskati tena. Msinihurumie huko nyumbani. Nalala usingizi mzima, nakula, jioni naenda bandari ya Mutrah kuangalia meli za watalii. Kupumua tu kunanitosha. Nilichojifunza ni kwamba maombi ni ya Mungu, lakini safari huwa na mtu aliyeipanga.

Mama yake Wekesa hupiga simu. "Baba, mlimlaza wapi?" Nimemwambia asubiri Ijumaa. Boni bado anaongoza ibada. Ijumaa hii nitakaa mbele kabisa, simu iko wazi, mama anasikiliza. Boni, kabla hujafumba macho kuomba, mjibu huyo mama.