Mchawi wa Meno Mawili

Wiki iliyopita niliwashia moto riwaya yangu mwenyewe. Usicheke kwanza, ngoja nimalize. Kuni zilikuwa mbichi, mvua ya huku kwetu Mamba unaijua haina adabu, nami nikachomoa daftari kuukuu chini ya gunia la tangawizi, nikawa nachana karatasi moja moja huku nikizisifu zinavyoshika. Nilipofika katikati, jicho likanasa mstari: "Binti akapanda ungo, akaruka juu ya mlima Shengena bila hata kumuaga mama yake." Mwandiko wangu wa kidato cha pili! Nusu ya kazi pekee ya maana niliyowahi kuifanya duniani ilikuwa tayari imeivisha makande.

Mimi si mtu wa safari. Same mjini nimefika mara za kuhesabika, na kila mara nimerudi nikililalamikia jua. Lakini shujaa wangu, mchawi wa miaka kumi na tano, alikuwa hashikiki. Alivua samaki wa Ziwa Jipe kwa kuwaita majina, akarudi kabla kengele ya shule haijalia. Niliandika sura moja kila wiki, darasa zima likapokezana daftari chini ya madawati, mpaka mwalimu wa Kiswahili akalinyaka. Akanirudishia siku ya pili, ameandika kwa wino mwekundu: "Kipaji kipo. Akili bado." Nilisoma sentensi ya kwanza tu.

Laiti ningesoma na ya pili. Shujaa alihitaji wa kumfundisha uchawi, na mimi mvivu wa kutembea sikwenda mbali kumtafuta: nikamchukua jirani yetu. Mjane, mkali wa maneno, aliyeishi peke yake mwisho wa mfereji na jogoo asiye na mkia. Pengo lake lilikuwa moja tu, la mbele. Mimi nikamng'oa meno yote nikambakizia mawili. Jogoo nikamwacha alivyo, maana sikuona cha kuongeza. Kisha nikamfanya mama wa watu alinong'oneze bwawa la kijiji hadi likauke.

Bwawa hilo, ndiva tunaliita, ndilo lililotulisha. Jioni lilizibwa, maji ya mlimani yakajaa taratibu, asubuhi mwenye zamu akazibua yakateremka kwa mfereji mpaka shambani kwake. Basi wiki chache baada ya sura ile, asubuhi moja watu wakakuta ndiva tupu, tope linang'aa. Wanawake waliokuja kuosha tangawizi, ambao binti zao walishawasimulia daftari langu, wakatazamana.

"Wa meno mawili," mmoja akasema. Hakuna aliyeuliza ni nani.

Maji yalipopatikana tena, zamu ya jirani ikafika, akarukwa. Ikafika ya pili, akarukwa. Tangawizi yake ikaanza kugeuka njano, na shikamoo za watoto zikakoma mlangoni kwake. Jina la mchawi likishamganda mtu huku kwetu, kunyimwa maji ni mwanzo tu. Nami nilifanya nini? Nilijilaza nikidai tumbo linauma. Bibi akaniletea bakuli la makande, akakaa ukingoni mwa kitanda akinitazama ninavyotafuna kwa hamu isiyo ya mgonjwa.

"Aliyeizibua ndiva ndiye anayeiziba," akasema, akachukua bakuli kabla sijalimaliza.

Jumamosi pembe ikalia kuita msaragambo, ile kazi ya wote ambayo kila nyumba hutoa mtu na jembe. Ndiva ilikuwa imekauka tena. Jirani naye alikuja, akasimama kando peke yake, jembe begani. Nikawaamkia wakubwa wote, nikasema mchawi wa meno mawili nimemtunga mimi, na mama yule hajawahi hata kulikaripia bwawa.

Mzee msimamizi wa zamu akaniangalia. "Haya, binti. Na maji nayo ulitunga kwamba yamekauka?"

Wakacheka. Hapo ndipo ubishi wangu wa kuzaliwa ulipopanda. Nikashuka topeni mpaka magotini, nikaanza kuupapasa ukingo wa ndiva kiganja kwa kiganja. Wakaniita nitoke, nikasema sitoki mpaka nijue maji yamepita wapi. Nilizunguka karibu bwawa zima. Nyuma ya jiwe moja mkono ukazama mpaka kiwikoni, na kitu kikanibana kidole. Yowe nililopiga nina hakika Same walilisikia. Nilipoutoa mkono, kaa mkubwa alikuwa ananing'inia kama pete ya harusi. Mzee akatumbukiza fimbo ndefu kwenye lile tundu. Ncha ikatokea upande wa pili wa ukingo.

Hakuna aliyecheka tena. Tukaziba kwa mawe na mfinyanzi, na kesho yake maji yakaanzia kwa jirani. Hakunishukuru, na kwa lipi? Alinikabidhi jembe lake, akanionyesha magugu. Nilipalilia Jumamosi mbili, jogoo akinisimamia.

Siku hizi ndiva imesakafiwa kwa saruji, kaa wamehama. Msaragambo unaitwa kwenye simu. Watu wanajibu kwa kidole gumba na kubaki nyumbani, mimi nikiongoza. Pembe sijui ilipotelea wapi. Bibi ametangulia, na bakuli lake lina ufa. Hakuna binti anayesoma daftari la mwenzake chini ya dawati.

Lakini nimenunua daftari jipya. Kila asubuhi kabla ya shamba ninaandika ukurasa mmoja, na nitaifikisha sura ya mwisho hata kama atakayeisoma ni mimi na panya wa ghalani. Ila safari hii nilikwenda kwanza kuomba ruhusa. Jirani alikuwa uani anamenya tangawizi, mzee sasa; miaka imemalizia kazi ya meno niliyoianza mimi. Nikamweleza yote, nikamwonyesha daftari lililobaki nusu. Akalipindua, akalinusa, akanirudishia.

"Andika," akasema, "lakini meno yangu uyarudishe yote."