Simu Zilizolala Londiani

Sellah Mongina hutengeneza simu kwenye kibanda kando ya barabara inayoingia Kericho kutoka Nakuru. Ukimkuta ameinamia simu ya mtu usimsemeshe, atakujibu vibaya. Chuo cha kompyuta hakukiona. Mambo ya kuunda programu alijifundisha hapo hapo kibandani, saa ambazo wateja wako shambani wanachuma chai. Ukimuuliza kwa nini alijitesa hivyo, hujibu kwa neno moja: Ongeri.

Ongeri ni mumewe. Huendesha lori la kuni kutoka msitu wa Londiani, kupitia Kericho, hadi kiwanda kimoja cha chai upande wa Sosiot. Ana kisukari cha kudungwa sindano. Mwaka jana sukari ilimshuka akiwa kwenye usukani, lori likalala mtaroni, na Mungu ndiye anajua kwa nini halikuwakuta watoto wa shule. Sellah alilia, kisha akakasirika, na hasira hiyo ndiyo iliyounda ile programu.

Ilikuwa kazi ya kujivunia. Ilimwonyesha dereva njia isiyo na utelezi, pa kuegesha na pa kula. Wakati wa kupumzika ukifika, simu ilisema kwa sauti ya Sellah mwenyewe, "Dereva, simama. Kula kitu, upumzike." Simu ikitulia mahali pamoja kwa muda wa kutosha, alama ya dereva iligeuka kijani. Njuguna, mwenye malori, aliipenda mno hata akaongeza sheria yake: aliye kijani apakiwe kuni kwanza, aliye mwekundu akae nyuma ya foleni. Sellah alimshukuru sana kwa hilo, maskini.

Alasiri moja, mvua ya Kericho ikiwa imeshika kazi yake ya kila siku, Sellah alichungulia ramani kwenye simu yake. Ongeri alikuwa kijani, ametulia kwenye hoteli ya Bilhah, njia panda ya Londiani. Kitu kimoja tu kilimkera: hakuwa amebonyeza pale palipoandikwa "Nimekula". Akampigia ili amgombeze kidogo.

Simu ikapokewa na mwanamke. "Haloo? Hapa ni kwa Bilhah, hoteli."

"Mama, nipatie Ongeri. Ni mimi, mama Vinny."

"Ongeri si ameenda kitambo! Simu ndiyo amewacha, kama kawaida."

"Amewacha aje?"

"Kwani hujui? Wote huwacha hapa. Naziweka kwa kikapu zipumzike. Wakirudi kupakia, wanazipata zimekuwa kijani." Bilhah aliyasema hayo kwa furaha ya mtu anayesaidia wenzake.

Nyuma ya Bilhah, Sellah akasikia sauti anayoijua. "Dereva, simama. Kula kitu, upumzike." Kabla haijamaliza, simu nyingine ikadakia, kisha nyingine. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, kikapu kizima, inawabembeleza madereva wasiokuwepo.

"Bilhah, amekula?"

"Nilimpakulia ugali. Akajidunga ile dawa yake, halafu akaona dereva mwenzake Nyabuto anawasha lori. Akasema wacha aende asipitwe, atakula Sosiot."

Sellah alikata simu bila kuaga. Dawa ya kushusha sukari imo mwilini, chakula kimebaki mezani, na huyo mtu yuko barabarani na shehena ya magogo, hana hata simu ya kumwambia asimame. Njia ilikuwa moja tu, ile inayopita mbele ya kibanda. Akanyakua soda ya mteja aliyekuwa amekaa akisubiri simu yake.

"Wee mama, hiyo ni yangu!"

"Nitakununulia ingine!"

Akatoka mbio kwenye mvua hadi pale malori hupanda kilima polepole. Alikuwa anaomba kwa sauti. Magari yalimpigia honi. Yeye alitafuta kichwa cha bluu tu, rangi ya malori ya Njuguna, na kila cha bluu kilichojitokeza kwenye ukungu kilikuwa cha mtu mwingine.

Kisha likaja, likivuka mstari wa katikati, linarudi, linavuka tena. Sellah akaingia barabarani na kupunga mikono. Lori halikupunguza mwendo. Alimwona Ongeri kwenye kioo, macho yamemtoka, anamtazama kama mtu anayetazama ukuta, na alijua kabisa kwamba angeweza kugongwa na mume wake mwenyewe. Hakutoka. Breki zikalia, magogo yakagongana, lori likapinda na kuzamisha pua yake kwenye michai kando ya barabara.

Alipofungua mlango, Ongeri alikuwa amelowa jasho, anatetemeka.

"Mama, nipishe," alimwambia, kwa adabu ya mtu anayezungumza na mgeni. "Nachelewa."

Hakumjua. Sellah akazima injini, akamshika kidevu, akamnywesha soda kidogo kidogo huku akimtukana na kumbembeleza kwa pumzi moja. Chupa ilipofika nusu, macho ya Ongeri yakaanza kurudi.

"Mama Vinny? Mbona umelowa hivyo?"

Sellah alitaka kumpiga kofi. Badala yake akamlalia kifuani akalia, na moyo wa mumewe ulikuwa unapiga mbio. Mfukoni mwa Sellah simu ikalia. Akaitoa akidhani ni Bilhah. Ulikuwa ujumbe wa programu wa kufunga mapumziko, maneno aliyoyaandika mwenyewe siku ambayo alijiona amemaliza kazi: "Hongera! Ongeri amepumzika vizuri." Juu ya maneno hayo palikuwa na ramani. Madereva wote wa Njuguna walikuwa kijani, wamelala Londiani. Nyabuto pia.

Chini ya kilima taa za lori zikatokea kwenye ukungu. Lilikuwa la bluu, limejaa magogo.

"Hebu maliza hiyo soda," Sellah alimwambia Ongeri. Akashuka, akaitia simu mfukoni, akaingia tena katikati ya barabara.