Mboga ya Kitaliano

Leo nimehangaika jikoni asubuhi nzima, halafu nikaulizwa chakula kiko wapi.

Mama mkwe katoka Chumbi kuja kututembelea hapa Kibiti. Nikasema leo atanitambua: makaroni ya kuoka ya Kitaliano! Jibini nimeagiza Dar, imekuja na basi imezungushiwa barafu kama samaki.

Oveni sina. Nimepalia makaa juu ya mfuniko kama wa mkate wa kumimina.
Kila nikichungulia, jivu linaingia. (Tuseme pilipili manga.)

Nikampakulia. Jamani, jibini ikavutika kutoka sufuriani hadi kwenye sahani, haikatiki!

Mama akaikodolea macho. "Mwanangu, mlenda huu umeutia nyama?"

"Si mlenda, mama. Ni makaroni ya Kitaliano."

"Ahaa."

Akanawa mikono. Akatulia.
Nami nikatulia, nasubiri sifa.
Tukatazamana.

"Mboga nimeiona, mwanangu. Wali uko wapi?"

Mume wangu akapaliwa na maji ambayo hata hajayanywa.

Nikainuka, nikabandika wali. Ningefanyaje?

Ulipoiva, mama akamwagia Utaliano wangu juu yake, akala, akaongeza. "Mlenda wako mtamu, mwanangu. Nifundishe."

Kinachoniuma ni kwamba nimeonja na wali, na kweli ndiyo tamu zaidi.

Haya, chekeni. Picha ya makaroni yangu hiyo hapo. Ukiona punje za wali pembeni, nyamaza.